Shangazi, mpiga picha ananiahidi nafasi kwenye tamthilia. Nimwamini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mbagala, na mchana nauza kwenye duka la vipodozi la mjomba wangu Kariakoo. Kuigiza nilianzia kanisani, nikaingia kikundi cha jukwaani, na mwaka jana nilipata kipande kidogo kwenye tamthilia: nesi anaingia wodini, anasema "Ndugu wa mgonjwa tupisheni", anaondoka. Ni hicho tu, lakini mtaani mpaka leo naitwa Nesi.

Juzijuzi niliitwa kwenye usaili baada ya kutuma picha kwa WhatsApp. Nilipoingia, dada aliyeshika orodha akaangalia simu yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye simu. Akaniuliza, "Huyu ni wewe au ni dada yako?" Ile picha ilipigwa kwenye sendofu ya binamu yangu. Nina wigi refu, kope za kubandika, na juu yake imewekwa filta. Mimi nywele zangu ni fupi, za asili, na ni mweusi, si maji ya kunde kama picha ile inavyodai. Nafasi sikupata. Wakati ananitoa, yule dada akaniambia kwa upole nitafute mtu anayejua kupiga picha za waigizaji.

Tangu hapo nimepata watu watatu na nimeshindwa kuamua.

Wa kwanza nilimwona Instagram. Ana wafuasi wengi sana na ukurasa wake umejaa sura nzuri za kimataifa. Anataka Sh 450,000 kwa picha 10, halafu "anakuingiza kwenye mfumo wa waongozaji". Anasema kuna tamthilia inaanza kurekodiwa na nafasi yangu ipo, ila wenye kazi wanapokea picha alizopiga yeye tu. Anapigia kwenye apatimenti Sinza, kuanzia saa 2 usiku, kwa sababu mchana ana kazi za makampuni. Na niende peke yangu, maana "msanii akija na ndugu anashindwa kujiachia". Shangazi, nimeshamtumia Sh 100,000 ya kushika nafasi.

Wa pili ni jirani yetu, anapiga picha za harusi. Yeye ni Sh 70,000 pamoja na mekapu. Mama anasema niende huko, kijana tunamjua toka anatambaa, hawezi kunidhuru.

Wa tatu ni dada wa Chang'ombe, nilielekezwa na mwenzangu wa jukwaani. Ni Sh 150,000 kwa picha 4. Wafuasi wake ni wachache. Aliniuliza maswali mengi: naigiza nafasi za namna gani, nywele zangu huwa zikoje siku za kawaida, picha nitamtumia nani. Nilipomuuliza kama anawajua waongozaji akajibu, "Wawili watatu nawajua, lakini mimi napiga picha tu." Halafu akanitumia mkataba wa ukurasa mmoja nisaini, una kipengele kinachosema anaweza kutumia picha zangu kujitangaza. Hapo ndipo nilipoogopa. Mbona huyu mdogo ndiye ananisainisha, na yule mkubwa hataki karatasi yoyote?

Ile nafasi ya tamthilia inaninyima usingizi. Nikiiacha naona nimeichezea bahati yangu mwenyewe.

Ni mimi,
Nesi wa Mbagala

N.B. Na kwenye picha niandike umri na urefu wangu?

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na la haraka. Huyo wa Sinza usimwongezee hata shilingi mia, na kwenye hiyo apatimenti usikanyage. Sababu nitakupa, ila hata ukiishia kusoma hapa, hilo uwe umelisikia.

Nimekaa miaka kwenye meza za usaili, nikipanga majina na kuwapigia watu simu, kwa hiyo picha za wasanii nimeziona zinavyochaguliwa. Wengi wenu mnadhani mwongozaji anakaa nazo akizitafakari. Hakai. Picha zimemiminika kwenye simu yangu tangu asubuhi, yeye yuko garini anaelekea lokesheni, namsogezea, anapitisha kidole: huyu hapana, huyu hapana, huyu niitie. Wakati huo uso wako hauzidi ukucha wa kidole gumba. Anachotafuta ni kama huyu anaweza kuwa mama mkwe, au dada wa kazi, au mtoto wa waziri aliyerudi kutoka masomoni. Akishakuita, anategemea aliyemwona ndiye atakayeingia mlangoni. Akiingia mwingine, hata kama huyo mwingine ni mzuri kuliko wa kwenye picha, anaona amepotezewa muda, na watu wa kazi hii wana kumbukumbu mbaya kwa wanaowapotezea muda. Yule dada wa orodha alikufanyia hisani kukueleza. Wengi hupewa "tutakupigia", basi.

Sasa tuwatazame watu wako.

Huyu wa kwanza anakuuzia vitu viwili kwa bei moja, picha na kazi, wakati kazi si yake kuiuza. Anayetoa nafasi kwenye tamthilia ni mwongozaji na prodyuza, na hao hawana shida na nani alishika kamera. Fikiria wewe ndiye prodyuza. Umepata sura uliyokuwa unaitafuta wiki nzima, halafu uikatae kwa sababu haikupigwa Sinza? Masharti ya "lazima zipigwe na mimi" yanamsaidia mtu mmoja tu, anayepokea hizo laki nne na nusu.

Mchezo huu si wa Dar peke yake. Marekani, kwenye jimbo la California ambako Hollywood ipo, ulisumbua watu kiasi kwamba mwaka 2009 ikatungwa sheria, ikaanza kutumika Januari 2010, inayokataza mtu kumtoza msanii ada ya mapema kwa ahadi ya kumtafutia kazi, na hiyo ni pamoja na wanaouza picha kwa ahadi ya aina hiyo. Wakala halali wa kule hula asilimia yake baada ya msanii kulipwa. Kwa wale wanaofanya kazi na chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA, asilimia hiyo ni 10. Msanii asipopata kazi, wakala naye halambi kitu. Ukikutana na anayejiita wakala au meneja hapa kwetu, mpime kwa hicho hicho: analipwa lini? Akisema kabla, si wakala wako.

Halafu kuna huo ukurasa wake. Umeandika mwenyewe, "sura nzuri za kimataifa". Neno hilo lilinisimamisha. Mpiga picha anayefanya kazi Dar es Salaam anapaswa kuwa na sura za Dar es Salaam, watu unaoweza kuwakuta kwenye daladala au kwenye runinga ya nyumbani kwenu. Chukua picha zake tano, zipitishe kwenye Google Lens, kile chombo cha Google kinachotafuta picha kwa kutumia picha. Kama ni za kuokoteza zitakurudisha kwa wenyewe, Lagos au London. Angalia pia kama waliopigwa wametajwa kwa majina ya kurasa zao, na kama wao wenyewe waliziweka picha hizo kwao. Idadi ya wafuasi usiipe uzito wowote, inanunuliwa. Na siku nyingine ukituma pesa, soma jina linalojitokeza kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Biashara iliyosimama huwa na lipa namba yenye jina la biashara. Jina la mtu binafsi peke yake halimfanyi kuwa mwizi, maana wapiga picha wengi wadogo bado wanapokelea kwenye laini zao, lakini liwe jina lile lile analokupa yeye.

Usiku na upweke sasa. Mwanangu, mpiga picha mwenye kazi zake anafurahi ukija na mtu, kwa sababu ushahidi unamlinda na yeye. Kuna jambo moja analoweza kukuomba kihalali: huyo uliyekuja naye asikae nyuma ya kamera, maana kweli wapo wasanii wanaoganda mama akiwaangalia. Basi akae chumba cha pili, mlango wazi. Hapo ndipo mwisho wa ombi hilo. "Njoo peke yako" ni ombi la namna nyingine kabisa, na likija pamoja na saa 2 usiku na nyumba ya kupanga, sina haja ya kusubiri kuona kinachofuata. Ikitokea mtu yeyote kwenye fani hii, mpiga picha au mwenye cheo kumzidi, akakutaka kimwili ili akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono. Imeandikwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Na ukiombwa picha za nguo za ndani "kuangalia umbo", usijibu, piga skrini ujumbe wake uhifadhi. Tamthilia zetu hazina nafasi inayohitaji hilo kwenye hatua ya picha ya uso.

Unasema unaogopa kuichezea bahati. Sikiliza: kama hiyo tamthilia ipo kweli, ina jina, ina kampuni, na ina mtu anayeitisha usaili. Mwombe jina la kampuni, kisha waulize wao wenyewe kama wanatafuta waigizaji. Ni ujumbe wa dakika mbili. Nafasi ya kweli haiyeyuki kwa kuulizwa.

Kwa jirani, mama yako ana haki kwa nusu. Usalama umepatikana, na si jambo dogo. Lakini hukutafuta mpiga picha kwa sababu ya usalama tu, ulimtafuta kwa sababu picha yako haikufanana na wewe, na kazi ya picha ya harusi mara nyingi ni hiyo hiyo ya kumfanya mtu asifanane na alivyo siku nyingine. Bibi harusi analipia siku moja. Anataka ang'ae, ngozi iwe laini bila alama hata moja, shingo irefushwe ikiwezekana, na kijana anayempa hayo ni fundi mzuri wa harusi. Wewe ukipewa hayo unarudi kule kule kwenye sendofu ya binamu.

Mtazame kwa kitu kimoja: anavyowapiga watu weusi. Fungua kazi zake utafute wanawake watatu wenye rangi tofauti, mmoja mweusi tii, mmoja wa kati, mmoja maji ya kunde. Kama wote watatu wametoka na rangi moja, ujue rangi hiyo ni ya programu yake, si ya ngozi zao. Wengine hawafanyi kwa makusudi. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, inajaribu kuvuta kila kitu kiwe cha wastani, si cheupe wala cheusi. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inauona ukuta, inapunguza mwanga, na uso wake unazama gizani. Akisimama mbele ya pazia jeusi, inaongeza mwanga na uso unapauka. Fundi anayejua anapima mwanga wa uso wenyewe na kuacha ukuta uwe utakavyokuwa. Asiyejua anakuja kurekebisha baadaye kwenye kompyuta kwa kukung'arisha, na hapo ndipo rangi inapopotea. Nina neno na wapiga picha wetu kuhusu hili la kung'arisha, lakini nitaliacha siku nyingine, nikianza sitamaliza.

Kama unapenda kumpa jirani nafasi, mwombe akupige picha moja tu ya majaribio: bila mekapu nzito, bila kuhariri ngozi, kutoka kifuani kwenda juu, macho yakiangalia kamera. Mlipie hata elfu kumi kwa muda wake. Mwonyeshe mwenzako wa kwenye kikundi, asiye ndugu yako. Akisema "hii ni wewe kabisa", basi umepata mtu kwa bei nzuri, na mama atakuwa ameshinda. Mimi sitegemei, ila nimewahi kushangazwa.

Dada wa Chang'ombe ndiye ningemwendea. Si kwa sababu ni mwanamke mwenzako. Wanawake pia huharibu picha na wengine hula pesa za watu. Ni kwa yale maswali. Mtu anayekuuliza picha itaonwa na nani anafikiria kazi ambayo picha itaenda kufanya. Anayeuliza nywele zako huwaje siku za kawaida anajua jambo linalowatesa waigizaji wa kike wa mji huu: mwezi huu umesuka, mwezi ujao umenyoa, picha ina rasta na wewe una kilemba. Na alipokujibu kwamba yeye anapiga picha tu, alikuambia mipaka yake mapema. Nimefanya kazi na watu wengi wasioijua ya kwao.

Mkataba usikutishe. Aliyeandika amekupa kitu cha kumshikia. Yule wa Sinza hataki karatasi kwa sababu karatasi ingemtaka aandike kwamba amekuahidi kazi. Lakini usisaini bila kusoma, na hicho kipengele cha kujitangaza kiguse kidogo. Katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, picha ni kazi inayolindwa, na mtunzi wake ni aliyeipiga, hata kama sura ni yako na pesa ni yako. Kwa hiyo mwombe aongeze sentensi inayokuruhusu kuzitumia picha hizo kwa kazi zako zote za uigizaji, kuzichapa, kuzituma na kuziweka mtandaoni, bila kumlipa tena. Naye umruhusu aziweke kwenye ukurasa wake kama mfano wa kazi yake, ila asimuuzie mtu wala kuziingiza kwenye tangazo la biashara bila idhini yako ya maandishi. Unauza vipodozi, unajua jinsi sura ya mtu inavyoweza kujikuta juu ya kopo la krimu ambayo mwenyewe hajawahi kuipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo iko upande wako kwenye hili: taarifa zako hazitakiwi kutumika kwa lengo ambalo hukuelezwa. Akikataa sentensi hizo mbili, nimwondoe kwenye sifa zangu. Nadhani hatakataa.

Mengine ya kuwa kwenye karatasi ni machache: picha ngapi zilizokamilika, zinatoka lini, mnabadilisha nguo mara ngapi, kishika nafasi ni kiasi gani na kinarudi au hakirudi ukiahirisha. Picha 4 zinakutosha. Usishangae pia akikataa kukupa picha zote ghafi. Wengi hawatoi, kama fundi cherehani asivyokupa nguo yenye nyuzi zinazoning'inia. Unachotaka ni zile ulizochagua, zenye ukubwa kamili.

Kabla hujamlipa, zungumza na watu wawili aliowapiga. Mwenzako wa jukwaani ni mmoja, mtafute wa pili ambaye hakuletwa na yeye. Usiwaulize "ni mzuri?" maana kila mtu atasema ni mzuri. Waulize picha zilitoka siku aliyosema au aliwazungusha. Waulize kama kuna mahali waliona vibaya, au waliguswa bila kuambiwa, kurekebisha kola ni kazi, lakini mtu anasema kwanza, "naomba nikuweke kola sawa." Na waulize kama wameitwa popote kwa picha ile na kama walitambuliwa mlangoni. Hilo la mwisho ndilo ningelipa pesa kulijua.

Siku yenyewe, nenda asubuhi au baada ya saa 10 jioni kama mnapigia nje. Jua letu la mchana linakaa utosini na kuyafanya macho mashimo mawili. Kivuli cha baraza chenye mwanga unaotoka mbele kinatosha kabisa, wala si lazima studio. Ukitazama picha, kwanza tafuta macho: yawe makali kuliko kitu kingine chochote, na ndani yake kuwe na kadoti ka mwanga. Macho yakiwa butu, hata kama nguo imependeza, ifute. Vaa rangi moja iliyotulia, maroni, kijani kilichokolea, haradali, bila maandishi, na kitenge chenye maua makubwa kiache nyumbani maana jicho litaenda kwenye maua. Jezi ndiyo usijaribu. Nusu ya waongozaji wa mji huu ni Simba na nusu ni Yanga, kwa nini upunguze mlango? Mafuta ya uso yapungue kwa joto hili, beba kitambaa na poda kidogo. Mekapu iwe ile unayoweza kujipaka mwenyewe ndani ya bajaji ukienda usaili. Piga kadhaa na nywele zako fupi, na kama huwa unasuka, panga naye urudi ukishasuka, hata kwa picha moja ya nyongeza.

Alama za usoni ziache. Chunusi iliyokuja jana aifute, Jumatatu haitakuwepo. Kovu, mwanya na ndonya havifutwi, unakwenda navyo mlangoni.

Ukizipata, usizitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inazibana na kuzichuja. Zitume kama faili, na jina la faili liwe jina lako. Usinicheke, nimepokea mafaili yasiyo na majina mpaka nikachoka, na msanii asiyejulikana jina hapigiwi.

Tumalizie na ile laki yako. Mwandikie leo, kwa adabu, bila tuhuma: "Kaka, habari. Nimeamua kutoendelea na miadi ya picha. Naomba unirudishie Sh 100,000 niliyotuma, kwa namba hii hii. Asante." Iwe maandishi, usipige simu. Hifadhi muamala na mazungumzo yenu yote. Akirudisha, umeshukuru. Akikuambia njoo uichukue, usiende, hata mchana. Akikutukana au akitishia kukuchafua mtandaoni, nenda polisi na hivyo ulivyohifadhi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa mambo ya aina hii. Na ikiwezekana mwambie mjomba au mama kabla hujatuma ujumbe huo, wasije wakayasikia kwa watu. Inawezekana pesa hiyo isirudi. Itakuuma, lakini usimtumie nyingine ili kuiokoa ile ya kwanza, na hicho ndicho atakachokuomba.

Kuhusu N.B. yako: juu ya picha usiandike chochote, hata jina. Marekani walizoea kuchapa picha ya inchi 8 kwa 10 na kubandika wasifu nyuma yake. Hapa kwetu wasifu ni ujumbe unaofuata chini ya faili: jina, urefu, lugha unazozungumza, kazi ulizofanya hata kama ni sekunde kumi wodini, na umri unaoweza kuuigiza badala ya umri wako halisi, kwa mfano miaka 19 hadi 28. Mwisho weka namba ya simu, iwe ya laini ambayo iko hewani mpaka usiku, kwa sababu usaili wa kesho asubuhi mara nyingi huitishwa leo saa 3 usiku.